Usajili Sita wa Bei Chee Ulioilipa Simba Kuliko Yote

Leo nalipa deni.

Jumapili iliyopita, kwenye banda la kuangalizia mpira huku kwetu Guta, Bunda, mjomba wangu alinibana mbele za watu. Mjomba ni Yanga wa kuzaliwa. Akaniuliza, "Mura, nitajie usajili mmoja tu ambao Simba mliupata kwa bei ya kutupa ukawalipa kweli. Mmoja." Nikasema Chama. Jamaa wa nyuma akadakia Okwi. Kijana wa bodaboda akasimama kabisa akasema Konde Boy. Banda likageuka mnada, mpaka mwenye banda akatishia kuzima king'amuzi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, maana mjomba alicheka sana. Nikamsimulia Mama. Mama yangu hajui mpira, ila ameuza dagaa mwaloni hapa miaka mingi, na kwenye bei hadanganyiki. Akaniambia sisi wote tulikuwa tunapiga kelele tu. Mtu akisema amenunua ndoo ya dagaa kwa bei rahisi, Mama anamuuliza maswali matatu. Imeingiaje mkononi mwako? Ilipokuwa kwako ilikufanyia nini? Na imeondokaje? Kama ulinunua rahisi halafu mvua ikakukuta hujaanua, hapo hukununua rahisi. Umetupa pesa.

Basi nimechukua maswali hayo matatu nikayapeleka Msimbazi. Hii hapa orodha yangu ya usajili sita, kuanzia wa 6 kwenda wa 1. Mwisho nitawaambia kwa nini hesabu hii inanihusu mimi wa Guta kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwanza tuelewane kuhusu "bei"

Klabu ilianzishwa mwaka 1936 ikiitwa Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ndipo ikawa Simba. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alipatikana kwa kubembelezwa, kutafutiwa kazi na kupewa pa kulala. Kikosi kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, na kile kilichofungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers mwaka 1979 kikaenda Zambia kikashinda 5-0, hakikujengwa kwa dau la mamilioni. Ukitaka kuwalinganisha wazee wale na vijana wa leo kwa pesa utawaonea. Kwa hiyo nimejifunga kwenye zama za mikataba na pesa, yaani hii miaka 15 hivi.

Jambo la pili, klabu zetu mara nyingi hazitangazi bei. Mitaani utasikia kila namba. Mimi nimeacha namba za mitaani. Nahesabu kinachoonekana, yaani mabao, makombe, misimu, na namna mtu alivyoondoka.

6. Mbwana Samatta (2010)

Alitoka African Lyon, timu ya Mbagala hapo hapo Dar. Hakupanda ndege wala hakuhitaji mkalimani. Alikaa Simba msimu mmoja tu. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa, Mazembe wakatutoa, lakini wakaondoka wamemwona kijana mmoja mrefu. Mwaka huo huo wakamchukua.

Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2015 Mazembe walibeba ubingwa wa Afrika na Samatta akamaliza miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 Genk wakawa mabingwa naye akafunga mabao 23 ya ligi. Januari 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Kwa nini basi nimemweka wa 6? Kwa sababu ya swali la tatu la Mama. Aliondoka mapema mno. Simba ilimpata kwa bei ndogo ikamuuza kwa faida, sawa, lakini faida kubwa walikula Mazembe na Genk. Sisi tuliuza dagaa wabichi, wenzetu wakawakausha.

5. Emmanuel Okwi

Huyu alitua Msimbazi akitokea SC Villa ya Uganda, hajafikisha hata miaka 20. Wengi wetu hapa tukimtaja Okwi tunakumbuka Mei 6, 2012, Simba 5 Yanga 0. Okwi alifunga mawili siku ile. Mjomba wangu mpaka leo ukitaja tarehe hiyo anaanza kuongelea bei ya mbolea.

Januari 2013 Etoile du Sahel ya Tunisia ikamchukua kwa dola 300,000. Kwa Bongo ya wakati ule hiyo ilikuwa pesa ya kutisha. Mchezaji aliyekuja kijana asiyejulikana, kaondoka kwa bei hiyo! Ingekuwa kwenye karatasi tu, huyu angekuwa namba moja bila mjadala.

Tatizo ni kwamba pesa haikuja ilivyoahidiwa. Shauri likafika FIFA na likachukua miaka. Katikati ya vurugu hizo Okwi mwenyewe akakosana na Watunisia, akarudi Uganda, na Desemba 2013 akavaa jezi ya Yanga. Fikiria, umeuza mali yako, hujalipwa, halafu unaiona kwa jirani!

Alirudi Simba mwaka 2014, akaenda Denmark, akarudi tena 2017 na kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20 msimu wa 2017/18. Huyo ndiye Okwi, hukosi raha na hukosi presha. Ila kwa hesabu yetu ametufundisha kwamba bei iliyoandikwa na pesa iliyoingia ni vitu viwili.

4. Meddie Kagere (2018)

Alitoka Gor Mahia ya Kenya akiwa amevuka miaka 30. Nakumbuka watu walivyocheka. Mzee wa nini? Utamuuzia nani baadaye?

Hilo la kuuza walikuwa sahihi, Simba haikumnunua ili imuuze. Ilimnunua afunge, akafunga. Mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19, mabao 22 msimu wa 2019/20. Misimu miwili, mabao 45, kiatu cha dhahabu mara mbili mfululizo, ubingwa mara mbili. Na Februari 12, 2019 ndiye aliyefunga bao pekee tulipoifunga Al Ahly 1-0 Kwa Mkapa, siku kumi baada ya wao kutupiga 5-0 kwao.

Kagere ni kama mtumbwi uliotumika. Hauununui kwa ajili ya kuuza tena. Unauingiza ziwani, na ukikuletea samaki misimu miwili umeshajilipa.

3. Luis Miquissone (Januari 2020)

Hii stori ninaipenda. Agosti 2019 Simba ilipangwa na UD Songo ya Msumbiji, hatua ya awali kabisa ya Ligi ya Mabingwa. Kwao 0-0. Tukasema imeisha hiyo. Wakaja Dar, jamaa mmoja mfupi akatupiga faulo ikaingia, mechi ikaisha 1-1, tukatolewa kwa bao la ugenini. Banda zima hapa Guta liliondoka kimya. Simba iliyokuwa robo fainali miezi michache nyuma, imetolewa hatua ya awali!

Simba walifanya nini? Dirisha dogo la Januari wakaenda kumchukua yule yule mfupi aliyetuliza.

Sijui kama kuna njia bora ya kumkagua mchezaji kuliko hiyo. Hukuhitaji video wala wakala wa kukuimbia sifa, ulimwona kwa macho yako akikuumiza. Akacheza msimu mmoja na nusu, akabeba ubingwa mara mbili. Februari 23, 2021 akafunga lile bombi la Kwa Mkapa, Simba 1 Al Ahly 0, dhidi ya mabingwa watetezi wa Afrika. Agosti mwaka huo huo Al Ahly wakaja na pesa wakamchukua. Na wao, kama sisi, walimnunua mtu aliyewaumiza.

Kaingia vizuri, katumika vizuri, kaondoka kwa pesa. Majibu yote matatu anayo. Doa lake ni moja tu. Mwaka 2023 tulimrudisha, na hakuwa yule. Usajili wa pili haukufuta wa kwanza, lakini ulitukumbusha kwamba mali iliyokupa faida jana sio lazima ikupe leo.

2. Clatous Chama (2018)

Mwamba wa Lusaka. Alikuja kutoka Zambia, na kabla ya hapo alishajaribu Misri ikagoma. Kwa maneno mengine, soko lilikuwa limemshusha bei. Hapo ndipo mnunuzi mjanja anaposogea.

Desemba 23, 2018, Simba inahitaji bao dhidi ya Nkana baada ya kufungwa 2-1 kule Kitwe. Dakika zimeyoyoma. Chama anamalizia kwa kisigino, 3-1, tunaingia makundi. Machi 16, 2019, mechi ya mwisho ya kundi, matokeo ni 1-1 na AS Vita na tunahitaji ushindi. Dakika za mwisho kabisa, Chama tena. 2-1, robo fainali. Mtu mmoja, miguso miwili, na klabu ikapanda daraja Afrika. Weka na makombe matatu ya ligi mfululizo, 2018/19 mpaka 2020/21.

Agosti 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco, dirisha lile lile aliloondoka Miquissone. Msimu uliofuata Yanga wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi. Sisemi ni kwa sababu hiyo pekee, Yanga walikuwa wamejipanga kweli. Ila ukiuza injini na usukani kwenye dirisha moja, usishangae gari likienda pembeni.

Chama alirudi Januari 2022. Halafu mwaka 2024 mkataba wake ukaisha, na Julai mosi akatambulishwa... Yanga. Simba haikuingiza hata shilingi ya mauzo. Kwa hiyo kaingia rahisi, katumika kuliko yeyote, kaondoka bure kwa jirani. Shikeni hilo neno, "mkataba ukaisha", maana ndilo linalotupeleka kwa namba moja.

1. Wale wanne wa Azam (2017)

Najua mlitegemea jina moja la kigeni. Samahani. Usajili bora kwa thamani ya pesa katika zama zetu ni wa siku chache za mwaka 2017, na waliokuja ni Watanzania wanne kutoka Chamazi: kipa Aishi Manula, beki wa kulia Shomari Kapombe, kiraka Erasto Nyoni na mshambuliaji John Bocco.

Kumbukeni hali yetu wakati ule. Ubingwa wa mwisho wa Simba ulikuwa 2011/12. Baada ya hapo Yanga, Azam, Yanga, Yanga, Yanga. Miaka mitano ya kuangalia wenzako wakivishwa medali. Mabanda ya huku jezi nyekundu zilikuwa zinafichwa chini ya koti.

Kumbukeni pia Azam walikuwa nani. Timu iliyopanda ligi kuu mwaka 2008 na kuchukua ubingwa msimu wa 2013/14 bila kufungwa. Mwaka 2015 walibeba Kombe la Kagame bila kuruhusu bao hata moja, na kipa wao alikuwa Manula. Bocco alikua nao tangu hawajapanda, na msimu wa 2011/12 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Kwa kifupi, Azam walikuwa wameshafanya kazi yote ngumu. Walilea, wakavumilia makosa na kulipa mishahara ya miaka ya kujifunza.

Halafu mikataba ikafika mwisho. Simba ilikuwa imesimama mlangoni.

"Bure" kwenye mpira huwa haimaanishi bure kabisa. Kuna pesa ya kusaini, kuna mshahara, kuna nyumba. Lakini hakuna ada ya uhamisho kwenda klabu iliyokulelea mchezaji. Sasa tazama kilichorudi. 2017/18 bingwa. 2018/19 bingwa. 2019/20 bingwa. 2020/21 bingwa. Misimu minne mfululizo, na wanne hao walikuwemo kote. Bocco akawa nahodha, na msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora kwa mabao 16, miaka tisa baada ya kuchukua kiatu kile akiwa Azam. Nyoni alicheza beki wa pembeni, beki wa kati, kiungo, popote palipotoboka. Kapombe yeye alishawahi kuwa Simba kabla ya kwenda Ufaransa na kisha Azam, na aliporudi 2017 upande ule wa kulia akaufanya shamba la ukoo kwa miaka mingi.

Na Manula! Hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa 2020/21, kundi lina Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh. Mechi sita, Simba ilifungwa mabao mawili tu na kuongoza kundi kwa pointi 13. Sisi tunamwimba Konde Boy kwa bao la Ahly, na ni haki yake, lakini bao moja linatosha tu kama nyuma kuna mtu anayekataa.

Bocco alikaa mpaka 2024, Nyoni mpaka 2023. Jumlisha misimu ya wote wanne uone. Hakuna mgeni wala dau lililoipa Simba kitu cha namna hiyo. Hawa hawakuuzwa popote kwa mamilioni, na mimi sioni tatizo. Walitumika mpaka mwisho.

Sasa geuza karatasi upande wa pili

Hapa ndipo raha yangu inapopungua. Maana kila ninaposema Simba ilipata wanne kwa bei chee, kuna mahali mtu mwingine alipoteza wanne kwa bei hiyo hiyo. Tangu ule ubingwa wa 2014 mpaka msimu wa 2024/25 Azam hawakuunusa tena. Na hao ni Azam, wenye uwanja wao, kampuni nyuma yao, na king'amuzi ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakilipia ili nimtazame Manula wao akidakia Simba. Wanaweza kuumia wakaamka.

Timu ya huku kwetu ikiumia inaamkaje?

Miaka ya nyuma tulikuwa na winga mmoja hapa Guta, mguu wa kushoto. Simtaji jina, na timu iliyomchukua siitaji pia. Walikuja watu wawili kutoka mkoa mwingine, wakamwona kwenye bonanza. Wakatuachia mipira miwili na seti ya jezi, wakampa kijana nauli. Tulishangilia, tukapiga picha na zile jezi. Kijana akaenda, akapanda ligi hadi ligi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia zaidi maana nilikuwa katibu wa timu.

Katibu! Na sikuandika hata karatasi moja. Hakukuwa na fomu ya usajili ya wilaya, wala barua inayosema kijana huyu alikuwa na sisi kuanzia umri huu mpaka huu. Kwa yule aliyemchukua, ule ulikuwa usajili bora kwa thamani ya pesa. Katika orodha ya mtu fulani huko, mipira miwili ipo nafasi ya kwanza.

Wengi hawajui kuna sheria inayowahusu watu kama sisi. FIFA wana utaratibu wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 mpaka 23. Msimu mmoja wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na msimu mmoja wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Inaonekana ndogo eeh? Piga hesabu. Mchezaji akiuzwa nje kwa dola 500,000, klabu iliyokuwa naye mwaka mmoja akiwa na miaka 16 inastahili dola 2,500. Kwa viwango vya miaka hii ni zaidi ya shilingi milioni 6. Kwa timu ya mwaloni hiyo ni nyavu, mipira, viatu vya kikosi kizima na nauli za msimu. Sharti lake ni kwamba klabu iwe imesajiliwa kwenye chama, na mchezaji awe amesajiliwa kwa jina lake kwenye klabu hiyo. Bila karatasi, hukumlea. Ulicheza naye tu.

Na Musoma je?

Mkoa wetu umewahi kuonja utamu wa usajili wa bei chee. Biashara United Mara walipanda ligi kuu wakacheza msimu wao wa kwanza 2018/19, wakitumia Uwanja wa Karume pale Musoma. Kikosi chao kilikuwa cha wachezaji ambao Simba na Yanga hawakuwa wanawagombania. Msimu wa 2020/21 wakamaliza wa nne. Wa nne Tanzania nzima!

Msimu ule nchi yetu ilikuwa na nafasi nne za kimataifa, kwa sababu ya pointi ambazo kwa sehemu kubwa Simba ilizikusanya Afrika. Pointi za yule Chama wa dakika za mwisho, za Kagere, za Manula. Yaani wale wa bei chee wa Msimbazi ndio waliofungua mlango ambao timu ya Musoma ilipita. Siku niliyoelewa hilo nilimpigia mjomba simu.

Biashara wakaitoa FC Dikhil ya Djibouti kwenye Kombe la Shirikisho. Oktoba 2021 wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale Dar. Mbili bila! Halafu mechi ya marudiano Libya hawakwenda. Safari ikakwama kwa pesa na vibali, timu ikatolewa bila kucheza. Mwisho wa msimu ule wakashuka daraja.

Mimi sijawahi kuumia na mpira kama siku ile, hata 5-0 za Kinshasa na Alexandria hazikuniuma hivyo. Wachezaji walifanya kazi yao. Walioingia kwa bei ndogo walilipa mara mbili, wakaifikisha timu hatua ambayo klabu yenyewe haikuweza kuigharamia. Hilo Mama hakuliweka kwenye maswali yake matatu, nimeliongeza mimi: je, mwenye mali ana uwezo wa kuibeba mpaka sokoni?

Nilivyomjibu mjomba

Jioni nilimfuata mjomba na karatasi yangu. Nikamwambia jibu ni wale wanne wa Azam, 2017, nikamsomea misimu minne mmoja mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho huwa hafanyi. Akasema, "Sawa mura, hapo umenishika. Mkataba ukiisha, mwenye akili anasimama mlangoni." Akanywa maji, akaongeza, "Ndio maana na sisi tulisimama mlangoni kwa Chama."

Nimemeza. Sina jibu la hilo.

Ila kuna jambo moja tumekubaliana, Simba na Yanga tukiwa meza moja. Timu yetu ya hapa ina vijana wa miaka 14 na 15, na mmoja wao ana mguu wa kushoto kama yule wa zamani. Mjomba ana mwandiko mzuri, mimi nina daftari jipya. Tumeanza na majina, tarehe za kuzaliwa na siku kila mmoja alipojiunga, na tunafuatilia usajili kwenye chama cha wilaya. Akija mtu na mipira miwili tutampokea vizuri, tutamkaribisha samaki, halafu tutamuomba asaini.

Haya wadau, zamu yenu. Kwa klabu yako, iwe Simba, Yanga, Coastal, Gor au timu ya mtaani kwenu, ni usajili gani ulioingia kwa bei chee ukalipa kuliko wote? Usiniletee jina tu. Niambie aliingiaje, alifanya nini, na aliondokaje.